Nyumba Nyeupe Ufuoni: Mbona Jua Limeingia Ndani?

Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati jua la kaskazi linapochoma mpaka mchanga haukanyagiki, shemeji yangu aliponialika kwenda kuitazama nyumba yake mpya. Nyumba yenyewe iko kusini mwa Mombasa, upande wa Msambweni, pale minazi inapokwisha na ufuo unapoanza. Shemeji alikuwa amefanya kazi kwa miaka 31, akastaafu, akapokea kiinua mgongo chake, na badala ya kununua matatu kama walivyofanya wenzake, akaamua kujenga. Kiwanja alikirithi kwa babake. Ramani aliipata katika picha.

Picha hiyo nilikwisha kuiona zamani, kwani alikuwa akitembea nayo mfukoni kama cheti cha ndoa. Ulikuwa ukurasa uliokatwa katika jarida la kigeni: nyumba nyeupe pe pe pe, ukuta mzima wa kioo unaotazama bahari, na ndani yake chumba kikubwa kisichokuwa na kitu ila kiti kirefu cha kitambaa, meza fupi, na chungu kimoja kilichotiwa tawi kavu.

"Karibu shemeji," aliniambia huku akinifungulia mlango. "Ingia uone mwanga."

Mwanga niliuona. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, na jua, ambalo huku pwani kwetu huchomoza kutoka baharini, lilikuwa limekwisha panda juu ya maji na kuingia ndani ya nyumba bila ya kubisha hodi. Sakafu ya vigae vyeupe ilimeremeta. Kuta zilimeremeta. Nilikodoa macho kama mtu aliyetoka pangoni. Kile kiti kirefu kilikuwa kimefunikwa shuka ili kisipauke, na ile mashine ya kupoza hewa iliyotundikwa ukutani ilikuwa imenyamaza, kwa sababu umeme ulikatika tangu alfajiri.

Dada yangu sikumkuta humo ndani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, amekaa mkekani anachambua mchele.

"Nyumba ni nzuri, kaka," akasema bila ya kuinua macho. "Lakini ikifika saa nne inatufukuza, na ikifika saa kumi na moja jioni ndiyo inatuita turudi."

Msomaji asidhani kwamba kisa hiki ni cha shemeji yangu peke yake. Ukisafiri kutoka Diani hadi Kilifi, ukapita Watamu na Malindi, ukavuka mpaka Shela katika kisiwa cha Lamu, utaziona nyumba hizi nyeupe zikizidi mwaka hadi mwaka. Nyingine ni za wageni, nyingine ni za wenyeji waliofanikiwa, na nyingine hukodishwa kwa watalii kwa siku. Zote zina sura moja: weupe, mistari iliyonyooka, vyumba vipana vyenye vitu vichache. Mimi siuchukii mtindo huu. Kwa kweli naupenda, kwani baada ya miaka mingi ya kuishi katika nyumba zilizojaa makabati, vitambaa vya kufuma na maua ya plastiki, jicho la mtu hutamani mahali pa kupumzika. Ninalouliza ni hili: mbona nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kustarehe inamfukuza mwenyewe mchana?

WEUPE SI WA JANA

La ajabu ni kwamba wengi wetu tunaamini kuwa nyumba nyeupe ya ufuoni ni jambo lililoletwa na ndege. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mmoja wa watu wake aliyekuwa akiandika habari za safari aliueleza mji huo kuwa umekaa kando ya ghuba, nyumba zake ni ndefu, zimepakwa chokaa vizuri, na zina madirisha mengi. Mreno huyo alikuwa akitazama kutoka baharini, na alichokiona ni kile kile ambacho mtalii wa leo hukiona akiwa katika mashua: weupe juu ya kijani cha minazi.

Na hata hapo weupe huo haukuwa mpya. Nenda Gedi, karibu na Watamu, mji uliofunikwa na msitu mpaka ulipoanza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948. Kuna kaburi pale lenye tarehe ya mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. Kuzunguka kaburi hilo na msikiti mkuu zimo kuta za nyumba za mawe, nyua zake, visima na vyoo vyake. Mahali palipokingwa na mvua bado utaona lipu ya chokaa imeshikilia jiwe lake baada ya karne nyingi. Sijui ni nyumba ngapi za simiti za siku hizi zitakazokuwa na chochote cha kuonyesha baada ya karne moja.

Lakini ili kuelewa nyumba hiyo ilivyofanya kazi haifai kutazama magofu. Yafaa kuingia katika nyumba iliyo hai, na mahali pa kuingia ni Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliandikishwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na nyumba zake kubwa nyingi zilijengwa katika karne ya 18. Mojawapo ya nyumba hizo imehifadhiwa kuwa jumba la makumbusho, na mgeni yeyote aweza kuingia akajionea.

Kwanza utafika darakani, au tuseme dakani, kama wenyewe wanavyosema. Daka ni kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta, chenye viti vya mawe pande zote mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipozungumza na wageni ambao hakutaka waingie ndani. Ukivuka mlango wa nakshi hukuti chumba. Unakuta kona. Njia imepindwa makusudi ili mpita njia asiweze kuona ndani hata kama mlango uko wazi. Ukikunja kona hiyo unatokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu, na mbingu yote ya Lamu imekatwa pale ikawa kipande cha mraba.

Kiwanda ndicho dirisha la nyumba. Kuta za nje hazina matundu mengi, na yaliyopo ni madogo na yako juu. Jua linateremka katika kiwanda, linapiga ukuta mweupe, na kutoka ukutani mwanga wake unaingia katika vyumba vinavyokitazama kiwanda hicho. Kwa hivyo mwanga unaofika pale ulipoketi umekwisha tumika mara moja. Ni mwanga wa mtumba, kama twaweza kusema hivyo, na kama mtumba ulio mzuri, umelainika. Unaweza kusoma nao, unaweza kushona nao, lakini hauchomi wala hauumizi macho. Joto lake limebaki kule ukutani.

Vyumba vyenyewe huitwa misana. Uko msana wa tini na msana wa yuu, kwa lafudhi ya Kiamu, kimoja nyuma ya kingine, na kila unapoingia kingine unapanda kidogo. Ni virefu lakini ni vyembamba, upana wake yapata mita tatu au chini ya hapo. Wageni huuliza kwa nini watu matajiri kiasi kile waliishi katika vyumba vyembamba hivyo. Jibu liko juu ya kichwa. Dari ilishikiliwa na boriti za mikoko, na mkoko hauwezi kuvuka zaidi ya hapo ukabeba uzito wa mawe na chokaa bila ya kupinda. Mti ndio uliotoa kipimo, na fundi akaukubali.

Nyuma ya misana kuna ndani, chumba cha mwenye nyumba, na hapo ndipo penye zidaka. Ukuta mzima, kutoka upande hadi upande, umetobolewa vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu, na lipu iliyoizunguka imechongwa nakshi. Humo ndimo vilimokaa vitabu, sahani na mabakuli ya Kichina, marashi, vitu vya thamani. Sakafuni palikuwa na mikeka, kitanda, kasha, labda kiti cha enzi kimoja. Basi. Chumba kilikuwa kitupu, lakini kitupu chake kilikuwa na akili, kwa kuwa ukuta wenyewe ulikuwa kabati. Unene wake wa karibu nusu mita ulizuia joto la nje na wakati huo huo ukaweka sahani.

Nikakumbuka malalamiko ya dada yangu. Katika nyumba ya Msambweni hapana kishubaka wala rafu, kwa sababu katika ile picha ya jarida haikuonekana rafu. Baada ya miezi miwili gunia la mchele lilikuwa limesimama kando ya kile kiti kirefu, cherehani iko mbele ya kioo cha bahari, na baiskeli za watoto zimeegemezwa ukutani zikachora mistari myeusi. Picha haikuwa na mchele wala watoto. Na Idi ilipofika, wakaja jamaa kumi na wanne, ikaonekana ya kwamba chumba kimoja kikubwa kisichokuwa na kona hakina pa mtu kubadilisha nguo, wala pa mama kumnyonyesha mtoto, wala pa wazee wawili kunong'ona habari za posa.

Kabla sijaondoka nyumba ya Lamu, nitaje jambo moja ambalo hunifurahisha kila mara. Katika choo cha nyumba hizo kuna birika la maji, na wenyewe walikuwa wakitia samaki wadogo humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walijengea bakuli la kaure, na maji yanapopungua samaki hubaki na mahali pao. Sijaona jarida lolote la nyumba za kisasa lililofikiria mbu.

Nilimwuliza fundi mmoja mzee wa chokaa kule Mkomani kwa nini nyumba za kale hazikuelekezwa baharini, na hali bahari iko hatua chache tu.

"Bahari ni ndia, mwanangu," akaniambia. "Nani ajengaye nyumba apate kukaa akitazama ndia?"

"Lakini ami," nikasema, "mbona barazani mwakaa mkitazama njia kutwa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Baraza si ndani," akasema.

Nadhani mzee yule alinijibu zaidi ya nilivyouliza. Kwa mtu wa jahazi, bahari ilikuwa mahali pa kazi na pa hatari. Ilileta mali, ikaleta pia maharamia na maradhi. Akirudi nyumbani alitaka kuipa kisogo. Sisi ambao kazi zetu ziko ofisini ndio tunaoiona bahari kuwa pazia zuri la kutundika mbele ya sofa. Si kosa kuipenda. Lakini upande wa mashariki wenye mandhari ndio huo huo wenye jua la asubuhi, na anayefungua kioo upande huo bila ya kivuli amelipia tanuri.

PICHA ILITOKA WAPI

Sasa tuseme kidogo habari za ile nyumba ya jarida, maana nayo ina nasaba yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na wasanifu wa majengo huko Ulaya waliochoshwa na nyumba zilizojaa mapambo, mapazia mazito na vumbi. Adolf Loos wa Vienna aliyapiga vita mapambo hata kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Baada ya vita hivyo akatokea Le Corbusier, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Ufaransa, akajenga nyumba nyeupe zilizosimama juu ya nguzo. Mtu huyo alifika Algeria mwaka 1931, akaitazama miji ya bonde la M'zab jangwani, akastaajabia nyumba zake zilizogeukia ndani, kila moja na ua wake. Yaani wakati sisi tunachukua picha kwao, wao walikwisha kuja Afrika kuchukua picha kwetu.

Lakini nyumba ya ufuoni iliyo bora kupita zote za wakati huo hakuijenga yeye. Ilijengwa na mwanamke wa Ireland, Eileen Gray, kati ya mwaka 1926 na 1929, juu ya miamba ya Roquebrune-Cap-Martin kusini mwa Ufaransa. Aliijenga kwa ajili yake na rafiki yake Jean Badovici, akaipa jina la ajabu, E-1027, ambalo ni herufi za majina yao zilizofichwa kwa tarakimu. Nyumba hiyo ni nyeupe, ina mistari iliyonyooka, na vyombo vyake ni vichache. Mtu akiiona katika picha atasema ndiyo hiyo hiyo ya shemeji.

Siyo. Gray aliuchunguza mwendo wa jua na upepo mahali pale kabla ya kujenga. Madirisha yake yana mbao za kuzuia jua ambazo mtu husogeza kadiri apendavyo. Kila chumba cha kulala kina njia yake ya kutoka nje, ili mgeni na mwenyeji wasikanyagane. Makabati yamejengewa ukutani, droo zimefichwa pembeni, na ile meza yake mashuhuri ya chuma na kioo huinuliwa na kushushwa ili mtu aweze kunywa chai kitandani bila ya kumwaga makombo. Mlangoni aliandika maneno ya kumwambia mgeni aingie polepole. Sikupata kufika huko, lakini nikisoma habari za nyumba hiyo naiona kama binamu wa nyumba ya Lamu: imepinda njia ya kuingilia, imeweka vitu ndani ya kuta, na imeliwekea jua masharti.

Yaliyotokea baadaye ni ya kusikitisha. Le Corbusier aliikaribia nyumba ile, akaipenda, na mwaka 1938 na 1939 akachora picha kubwa za rangi juu ya kuta zake nyeupe bila ya ridhaa ya mwenye kuibuni. Gray alikasirika, akaona amevunjiwa nyumba. Kuta zile zilikuwa tupu kwa sababu, na bwana mkubwa akadhani ni tupu kwa kuwa zinamngojea yeye. Hatimaye Le Corbusier alifia katika maji ya hapo hapo, akiogelea, mwezi wa Agosti 1965. Gray akaishi mpaka 1976, akiwa na umri wa miaka 98, na heshima yake ikaanza kumrudia akiwa kikongwe. Na jambo moja la kuchekesha: Le Corbusier mwenyewe alipotaka mahali pa kupumzika karibu na bahari ile, mwaka 1952 alijijengea kibanda cha mbao cha mita 3.66 kila upande. Kimezidi upana wa msana wetu kwa kadiri ya hatua moja tu.

Wako pia waliokuja mpaka kwetu. Ernst May, aliyejenga maelfu ya nyumba sahili za wafanyakazi mjini Frankfurt kati ya 1925 na 1930, aliishi Afrika Mashariki kwa karibu miaka 20, akachora Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala na Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa. Waliofanya kazi kwa miaka mingi katika nchi za joto walijifunza upesi ya kwamba kioo kitupu hakifai. Wakaanza kuvivika vioo vyao vizuia jua vya simiti, matundu ya kupitisha upepo, na baraza pana. Majumba mengi ya serikali na ya vyuo yaliyojengwa Kenya katika miaka ya 1950 na 1960 yana mavazi hayo. Mashine ya kupoza hewa ilipoenea, mavazi yakavuliwa.

CHOKAA NA SIMITI

Kuna hila nyingine ambayo picha haiwezi kuionyesha, nayo ni weupe wenyewe umetokana na nini. Chokaa ya zamani ilitengenezwa kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya tanuri la kuni lililopangwa duara, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae kwa muda mrefu. Ukuta uliopigwa chokaa hupumua. Unyevu ukiingia wakati wa masika, utatoka wakati wa kaskazi. Simiti haifanyi hivyo. Ukiipaka simiti juu ya ukuta wa matumbawe, maji hufungwa ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya misimu michache lipu huvimba na kubambuka. Na juu ya simiti mtu akipaka rangi ya mafuta, basi ukungu mweusi utachora ramani ya dunia kabla ya mwezi wa Juni kwisha. Ukuta wa shemeji umekwisha pata bara mbili.

Nondo nazo ni habari nyingine. Fundi mvivu huchota mchanga ufuoni kwa kuwa uko karibu, na mchanga huo una chumvi. Chumvi hula chuma kilicho ndani ya zege, chuma huvimba kwa kutu, na zege hupasuka kutoka ndani. Ukiona mwamba wa juu wa dirisha una ufa mwekundu, ujue ugonjwa ulianza siku ya kujenga. Siku hizi mafundi wengi wa Kilifi na Lamu wamerudia lipu laini wanayoiita niru, inayosuguliwa mpaka iwe kama ganda la yai, na nyumba zao za kisasa zinapendeza bila ya kung'aa kama sufuria.

Lakini nisije nikaonekana mtu wa kulilia ya kale tu. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana. Mawe yake yalibebwa na chokaa yake ikachomwa kwa jasho la watumwa, na watu wengi wa Lamu, hasa upande wa Langoni, waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Yule mama wa ndani, aliyezungukwa na zidaka na kaure, mara nyingi hakuwa na ruhusa ya kutoka kwenda kuiona hiyo bahari hata kama angetaka. Dirisha pana lina haki yake katika maisha ya leo, na dada yangu hataki kurudishwa nyuma ya kona.

Wala vifaa vya zamani haviwezi kupatikana kama zamani. Tumbawe lililo hai baharini ni nyumba ya samaki, na hapana sababu ya kulikata. Yapo mawe ya machimbo ya nchi kavu. Boriti pia zina mashaka yake. Mwaka 1982 serikali ilikataza kuuza boriti nje ya nchi, na mwaka 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulisimamishwa, wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi, ingawa kaunti yao ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Na kule Shela liko jambo kubwa kuliko yote haya. Vile vilima vya mchanga mweupe ambavyo kila tajiri angependa kujenga juu yake ndivyo vinavyopokea mvua na kuhifadhi maji matamu yanayonywewa mjini Lamu. Kila nyumba inayopanda juu ya mchanga ule, iwe nzuri namna gani, na kidimbwi chake cha kuogelea, inakaa juu ya mtungi wa watu wengine.

Nimerudi Msambweni mwezi wa Agosti, wakati wa kusi. Shemeji hakusema mengi aliponipokea, ila niliona gari halipo. Ameliuza. Kwa fedha hizo amejenga baraza pana upande wa bahari, futi kumi kwenda mbele, ikaezekwa makuti, na sasa kile kioo kimekaa nyuma ya kivuli. Bahari inaonekana kama kawaida. Upande wa kaskazini, uliokuwa ukuta mtupu wenye tangi la maji, tangi limehamishwa na milango miwili imefunguliwa, kila mmoja ukikabiliana na dirisha la upande wa kusini. Na katika chumba kikubwa fundi amepandisha ukuta wa pili wa mawe ya machimbo, mnene, umekitenga chumba sehemu mbili. Ukuta huo una zidaka kumi na nane. Fundi alitaka ziwe ishirini. Shemeji akasema fedha zimekwisha.

Ilikuwa saa nane mchana, na dada yangu alikuwa ndani. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza ule ukuta mpya, anashona. Mchele, vikombe, Msahafu, viatu vya watoto vya shule, vyote viko ukutani. Sakafu ni tupu kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Ile mashine ya hewa bado imetundikwa pale pale, na juu yake mjusi ameweka makao.

Nikauliza iko wapi ile picha ya jarida, nipate kuilinganisha na nyumba ilivyo sasa. Shemeji akatazama kando. Dada yangu akanionyesha kwa kidevu: ameikunja mara nne, akaitia chini ya mguu mmoja wa cherehani, kwa kuwa sakafu ya upande ule haiku sawasawa.